Kipandikizi cha koklea: mwongozo kamili kwa familia, tangu kipimo cha kwanza hadi miaka ya mazoezi

Familia zinazofika kliniki ya masikio, pua na koo kuulizia "ile operesheni ya kumfanya mtoto asikie" huanza na maswali mawili: ni shilingi ngapi, na je, kuna hatari? Ni maswali ya haki kabisa, ila yanagusa sehemu ndogo ya safari. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Kinachoamua kama mtoto ataitika jina lake akiitwa kutoka uani ni umri aliokuwa nao siku alipopandikizwa, na kazi inayofanyika nyumbani miaka mitatu, minne baada ya hapo. Nimeandika nikimfikiria zaidi mzazi wa mtoto mdogo hapa Tanzania. Mtu mzima aliyepoteza usikivu ukubwani ana sehemu yake karibu na mwisho.

Kifaa chenyewe hufanya nini

Sauti ikiingia sikioni hutikisa ngoma ya sikio, ngoma hutikisa vifupa vitatu vya sikio la kati, na mtikisiko hufika kwenye koklea. Hicho ni kiungo kidogo chenye majimaji ndani, kimejisokota mizunguko miwili na nusu kama ganda la konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme unaosafiri hadi ubongoni kupitia mshipa wa fahamu wa usikivu. Kwa wengi waliozaliwa viziwi, au waliopoteza usikivu kwa ugonjwa au dawa, chembe hizo zimekufa au hazikuwahi kufanya kazi, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena.

Shimesikio, vile vifaa vya kuvaa sikioni vinavyokuza sauti, vinahitaji chembe zilizobaki hai. Kipandikizi kinaziruka na kuuchochea mshipa wa fahamu moja kwa moja kwa umeme. Kina sehemu mbili. Ya nje ni prosesa, kidude cha kuchakata sauti chenye maikrofoni na betri, inayokaa nyuma ya sikio, pamoja na koili ya duara inayonata kichwani kwa sumaku. Ya ndani ni kipokezi kilichozikwa chini ya ngozi, chenye waya mwembamba uliopangwa elektrodi, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme, unaoingizwa ndani ya koklea. Hakuna waya unaopenya ngozi. Sauti iliyogeuzwa kuwa mawimbi ya redio huvuka kutoka koili hadi kwenye kipokezi.

Watengenezaji wakubwa ni watatu. MED-EL ya Austria hutumia elektrodi 12, Advanced Bionics 16, na Cochlear ya Australia 22. Tafadhali usichague kwa kuhesabu elektrodi. Swali lenye uzito ni nani, katika mji unaoweza kuufikia kwa basi, ana uwezo wa kukipanga kifaa hicho na kukuuzia waya wa koili ukikatika.

Teknolojia hii si ya majaribio. Mwaka 1957 jijini Paris, Djourno na Eyriès walichochea mshipa wa usikivu wa binadamu kwa waya wa umeme. William House aliendeleza kazi hiyo Los Angeles kuanzia 1961, na mwaka 1978 Graeme Clark akapandikiza kifaa cha elektrodi nyingi huko Melbourne. Marekani iliruhusu kifaa cha namna hiyo kwa watoto mwaka 1990, kwa hiyo watoto wale wa mwanzo leo ni watu wazima wenye kazi na familia. Hapa kwetu wagonjwa walikuwa wakipelekwa nje ya nchi, hasa India, mpaka Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upasuaji huu kwa mara ya kwanza. Nairobi pia unafanyika.

Jambo moja liwe wazi kabla hatujaenda mbali. Kifaa hiki hakirudishi sikio la kuzaliwa nalo. Mtu akivua prosesa kwenda kuoga au kulala, hasikii.

Hatua ya kwanza: usisubiri "ataongea tu"

Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu duniani ni mtoto apimwe usikivu kabla hajatimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Kwetu wengi hugundulika wakiwa na miaka miwili, mitatu, kwa sababu kila mzazi akitia shaka kuna shangazi wa kumtuliza: "Hata baba yake alichelewa kuongea." Ubongo hausubiri. Sehemu inayopaswa kushughulikia sauti isipopata sauti, hukabidhiwa kazi nyingine. Matokeo bora kwa waliozaliwa viziwi huonekana kwa waliopandikizwa karibu na mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka mitatu na nusu hivi dirisha huanza kufunga, na mtoto wa miaka saba ambaye hajawahi kusikia chochote hupata faida ndogo sana kwenye usemi. Ningekuwa na uwezo wa kubandika sentensi moja kwenye ukuta wa kila kliniki ya mama na mtoto, ningebandika hiyo.

Mpeleke haraka zaidi mtoto aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano makali, aliyechomwa sindano za jentamisini (dawa ya kuua bakteria) kwa muda mrefu, ambaye mama yake aliugua rubela akiwa mjamzito, au mwenye ndugu kiziwi katika ukoo. Na kuna dharura ya kweli: homa ya uti wa mgongo. Inaweza kuua usikivu ndani ya siku chache, kisha mfupa ukaanza kuota ndani ya koklea na kuziba njia ya elektrodi. Mfupa huo unaweza kuanza kuota ndani ya wiki chache. Mtoto aliyepona homa hiyo apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, au mara tu baada ya hapo. Wazazi huambiwa "mshukuruni Mungu amepona", wakarudi baada ya mwaka koklea ikiwa imeshaziba.

Kupiga makofi nyuma ya mgongo wa mtoto si kipimo. Anaweza kugeuka kwa sababu ameuona mkono, au amehisi upepo na mtikisiko wa sakafu.

Hatua ya pili: vipimo

Kipimo cha awali huitwa OAE. Kidude laini huingizwa sikioni na kutoa milio. Koklea nzima hurudisha mwangwi ambao mashine huunasa. Huchukua dakika chache na hakiumi. Asipofaulu, au hata akifaulu lakini ana historia ya manjano makali, kinafuata ABR: vibandiko kwenye paji la uso na nyuma ya masikio husoma kama umeme unapita kwenye mshipa wa usikivu. Viwili hivi havichukui nafasi ya kimoja na kingine, kwa kuwa kuna watoto ambao koklea inajibu na mshipa haujibu.

ABR inamtaka mtoto alale fofofo. Mcheleweshe kulala usiku wa kuamkia kipimo, umwamshe mapema, na njiani kwenye daladala usimwache asinzie, hata kama itabidi kumchezea muda wote. Akilala Ubungo, akifika hospitali ataamka mchangamfu na mtarudishwa wiki nyingine. Beba khanga yake anayolalia na maziwa ya kumpa dakika ya mwisho. Hospitali nyingine hutoa dawa ya usingizi, lakini wa kawaida ni nafuu zaidi kwa kila upande.

Utapimwa pia mwendo wa ngoma ya sikio, kuona kama kuna maji au usaha nyuma yake. Sikio linalotoka usaha hutibiwa kwanza mpaka likauke. Baadaye mtoto atajaribishwa shimesikio zenye nguvu kwa kawaida miezi 3 hadi 6, pamoja na mazoezi ya kusikia, ili ionekane kama zinamfikisha kwenye sauti za maneno. Wengine zinawatosha, na hilo ni jambo la kufurahia. Aliyeugua uti wa mgongo hasubirishwi jaribio hili refu.

Kikibaki kipandikizi kama njia pekee, hupigwa picha mbili. CT huonyesha mfupa na umbo la koklea. MRI huonyesha kama kuna majimaji ndani yake na kama mshipa wa fahamu wenyewe upo. Mtoto asiye na mshipa huo, au asiye na koklea kabisa, hatanufaika na kifaa hiki hata familia ikiuza shamba. Ni habari nzito kuambiwa, na ni afadhali kuambiwa kabla ya kulipa.

Hatua ya tatu: hesabu kabla ya kusaini

Kifaa peke yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bili. Familia nyingi huchangishana kwa ajili ya siku ya upasuaji, zikajikuta hazina kitu mwezi wa tatu waya ukikatika. Kwa hiyo kaeni na hospitali na muuliziane haya kwa maandishi:

- Bei iliyotajwa inahusisha nini: kifaa, upasuaji, kulazwa, picha, kuwashwa na kupangwa kwa mwaka mzima, au kifaa tu?
- Dhamana ya sehemu ya ndani ni miaka mingapi, ya prosesa mingapi, na kifaa kikiharibika kinapelekwa kutengenezwa wapi?
- Koili, waya, kifuniko cha maikrofoni na betri vinauzwa wapi nchini, na kila kimoja ni bei gani?
- Prosesa inapokuwa kwenye matengenezo, mtoto anaazimwa nyingine?
- Mtaalamu wa kupanga kifaa na mtaalamu wa matamshi wanapatikana siku zipi, na je, kuna anayeweza kutufuatilia kwa simu tukiwa mkoani?

Sehemu ya ndani hutarajiwa kudumu miongo mingi. Prosesa ya nje hutumika kama vifaa vyote vya umeme vinavyotumika kila siku. Baada ya miaka kadhaa huchoka au vipuri vyake huacha kutengenezwa, na mpya ni gharama kubwa kivyake. Anzeni kuweka kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza. Bima ulizeni moja kwa moja, kwa barua, maana jibu la mdomo dirishani halina kazi siku ya malipo. Kuna watoto waliogharamiwa na serikali au wafadhili, na mlango wa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali inayofanya upasuaji.

Sikio moja au yote mawili? Mawili humsaidia mtoto kujua sauti imetoka upande gani na kusikia vizuri kwenye kelele. Lakini moja lenye betri, vipuri na mazoezi ya uhakika ni bora kuliko mawili yasiyo na chochote kati ya hivyo.

Hatua ya nne: chanjo

Mwenye kipandikizi ana hatari kidogo zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo, kwa sababu njia imefunguliwa kati ya sikio la kati na la ndani. Kwa hiyo chanjo dhidi ya nimonia zikamilike angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Tanzania ilizianza katika ratiba ya kawaida ya watoto mwaka 2013, basi leteni kadi ya kliniki. Akifika miaka miwili huongezewa chanjo nyingine inayogusa aina nyingi zaidi za vimelea. Hii mara nyingi haimo kwenye ratiba ya kawaida, kwa hiyo ikumbusheni wenyewe.

Hatua ya tano: upasuaji

Muuguzi atawapa saa kamili ya mwisho ya kula, kunyonya na kunywa maji. Iheshimuni, mtoto akitapika chini ya nusukaputi hewa yake iko hatarini, na ndiyo maana aliyepewa uji "kidogo tu" na bibi yake hurudishwa wodini.

Nywele kidogo hunyolewa nyuma ya sikio. Daktari hupasua sentimita chache, anachimba mfupa kwa drili ndogo akipita kwenye upenyo mwembamba kati ya mshipa wa fahamu wa uso na ule wa ladha, akiwa na mashine inayomtahadharisha akiukaribia wa uso. Akifika kwenye koklea huingiza waya wa elektrodi taratibu sana, kisha kifaa hupimwa hapo hapo kabla ya kushona. Sikio moja huchukua saa 2 hadi 4, na wengi huruhusiwa baada ya siku moja au mbili.

Kizunguzungu cha siku chache, ladha ya chuma mdomoni na maumivu ya kidonda ni mambo ya kawaida. Nadra kidogo ni maambukizi, uso kulegea upande mmoja, maji ya ubongo kuvuja, au kifaa kushindwa na kulazimu kurudia upasuaji. Usikivu mdogo uliokuwa umebaki kwenye sikio hilo mara nyingi hupotea, ndiyo sababu ya uangalifu wote ule kwenye vipimo.

Waambieni mapema bibi, babu na majirani: mtoto atatoka hospitalini hasikii. Nimeona ndugu wakisimama kitandani wakiita jina kwa sauti na kutazamana kwa huzuni, kumbe prosesa bado iko kwenye boksi lake.

Hatua ya sita: siku ya kuwashwa

Wiki 2 hadi 4 baadaye, kidonda kikishapona, mtaalamu wa usikivu huunganisha prosesa na kompyuta. Kwa kila elektrodi hutafuta kiwango kidogo kabisa cha umeme ambacho mtoto anakihisi, na kikubwa anachokivumilia. Jumla ya viwango hivyo huitwa ramani.

Zile video za mtoto anayetabasamu sauti ya kwanza ikiingia zimewaharibia wazazi wengi siku hii. Wengi hulia. Wengine huganda, huacha kunyonya, au huivuta koili na kuitupa. Kulia ni jibu zuri: kuna kitu kimefika. Njooni wazazi wawili au mmoja na mlezi, bila msafara, na simu za kurekodi zibaki mfukoni. Ramani ya kwanza huwekwa chini makusudi, ikapandishwa taratibu. Mtarudi baada ya wiki kadhaa, baada ya miezi 3, 6, halafu mara moja au mbili kwa mwaka.

Toka siku hiyo mtoto ana umri wa aina mbili. Aliyewashwa akiwa na miaka miwili, siku anatimiza mitatu ana mwaka mmoja tu wa kusikia. Mlinganishe na wa mwaka mmoja, si na binamu yake wa miaka mitatu anayeimba nyimbo za chekechea.

Hatua ya saba: nyumbani, ambako kazi ipo

Kanuni ya kwanza ni muda. Prosesa ivaliwe kila dakika mtoto akiwa macho, tangu anapofumbua jicho mpaka anapopakatwa kulala. Prosesa za kisasa hujiandikia saa zilizovaliwa. Mzazi akisema "anavaa kutwa" na kompyuta ikaonyesha saa tatu, mtaalamu hatagombana naye, lakini ramani atakayoiweka itatokana na ukweli huo.

Nyumba nyingi za mjini mtoto anashinda na dada wa kazi. Basi dada ndiye mwanafunzi wa kwanza. Mleteni kliniki ajifunze kuivaa na kuivua, kubadilisha betri, kusoma taa ya prosesa. Nimewahi kuona mama aliyejua kila kitu na mtoto asiyeendelea, kwa sababu kifaa kilikuwa kikifungiwa kabatini mchana ili "kisije kikaharibika".

Zima televisheni. Kaa karibu, kama mita moja, upande wenye kifaa. Mwanzo mzima ni kumfundisha kwamba sauti ina mwenyewe. Sufuria ikianza kuchemka, gusa sikio lako, fungua macho: "Sikia!" Ngoja. Kisha mpeleke mkaione. Vivyo hivyo adhana, honi ya bodaboda, mlango unaogongwa, jogoo wa jirani. Asikie kwanza, aone baadaye. Ongea naye juu ya kile mnachofanya wakati huo huo: "Tunamenya viazi. Hiki kikubwa. Kimeanguka! Kiokote." Sentensi fupi zilizo kamili ni bora kuliko neno moja moja, maana Kiswahili kinaficha habari nyingi mwanzoni mwa neno. Tofauti ya *anakula*, *unakula* na *ninakula* ni silabi moja nyepesi ya mbele, na ndiyo anayoikosa kwanza. Mchezee humo: "Nani anakula? Paka anakula. Wewe unakula?"

Lugha gani? Ile mnayoiongea kwa ufasaha na upendo. Kama nyumbani ni Kisukuma na mtaani Kiswahili, mtoto anaweza kupata zote mbili. Mzazi anayejilazimisha Kiingereza cha kuokoteza ili mtoto "awahi shule" anamnyima lugha yenye nyama.

Kila asubuhi fanyeni jaribio la sauti sita lililobuniwa na Daniel Ling: *m*, *u*, *i*, *a*, *sh*, *s*. Zimechaguliwa kwa sababu zinagusa sauti nzito hadi nyembamba za usemi, na bahati nzuri zote zimo katika Kiswahili. Kaa pembeni au nyuma ya mtoto asione midomo. Kuziba mdomo kwa kiganja kunabadilisha sauti yenyewe. Mpe kizibo cha soda akishike karibu na shavu. Tamka "aaa" kwa sauti ya kawaida. Akisikia, atumbukize kizibo kikombeni. Nyamaza kidogo, muda usiolingana, kisha "shhh". Kunyamaza ni sehemu ya jaribio, vinginevyo atajifunza kutumbukiza kwa mdundo. Anza karibu na sikio, songa mita moja, baadaye tatu. Mtoto aliyesikia *s* jana na leo haisikii anakueleza jambo: kagua betri, kifuniko cha maikrofoni, waya wa koili. Zikiwa sawa na bado, piga simu kliniki.

Jasho, unyevu, nywele na umeme

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja zina adui mmoja wa vifaa hivi: unyevu. Kila usiku prosesa ilale kwenye kopo linalofunga vizuri lenye vidonge vya kukaushia, au kwenye kikaushio cha umeme kilichokuja nayo. Mpangusie jasho mtoto mchana. Kuoga, kuogelea na mvua ya masika bila kifuniko maalumu ni marufuku kwa prosesa. Sehemu ya ndani haina shida na maji.

Kwa binti anayesuka, fundi aelezwe mapema aache eneo la koili na nywele fupi au mistari iliyolala bapa, la sivyo sumaku haishiki. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kisichobana, maana kizito hufifisha maikrofoni na kukwaruza sauti. Ngozi chini ya koili ikiwa nyekundu, sumaku ni kali mno na hubadilishwa. Prosesa ifungwe kwa kamba na klipu kwenye kola. Huko shambani na sokoni ndiko hupotelea.

Betri za kuchaji hutumika kwa siku moja hivi, kwa hiyo wekeni ya akiba na benki ya umeme kwa siku za kukatika. Sehemu isiyo na umeme wa uhakika, ulizieni aina inayokubali betri za kutupa, na mjue duka linaloziuza.

Shule, na lugha ya alama

Darasa la watoto sitini chini ya bati mvua ikinyesha ni mtihani hata kwa mwenye masikio mazima. Mwombeeni kiti cha mbele, mbali na dirisha la barabarani, upande wa kifaa ukimwelekea mwalimu. Mwalimu aelezwe kwamba akiandika ubaoni huku anaongea, mtoto hapati kitu. Ipo maikrofoni ndogo ambayo mwalimu huivaa na sauti yake ikaenda moja kwa moja kwenye prosesa. Ni ghali, ila inafaa kuombewa mfadhili.

Wapo watakaowaambia msimfundishe alama, "atazembea kuongea". Sikubaliani nao. Miezi kabla ya upasuaji, siku betri imekwisha, usiku kitandani, na kwa mtoto ambaye kifaa hakikumpa alichotarajiwa, Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili inayomfanya awe na la kusema na wa kumwambia. Zungumzeni na viziwi wenyewe kupitia CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, tembeleeni shule kama ile ya viziwi Buguruni. Familia iliyokataa kipandikizi baada ya kuelewa yote haya haijamkosea mtoto, mradi imempa lugha nyingine mapema. Kosa ni kumwacha bila lugha yoyote mpaka miaka sita.

Kwa mtu mzima

Aliyewahi kusikia na kuongea, kisha akapoteza usikivu kwa uti wa mgongo, kwa sindano za kifua kikuu au kwa sababu isiyojulikana, ndiye hunufaika upesi zaidi, kwa kuwa ubongo wake unazo kumbukumbu za sauti. Siku za mwanzo watu husikika kama mashine au ndege wanaolia. Hali hubadilika kwa wiki na miezi, hasa kwa anayesikiliza kitabu cha sauti huku akifuatisha maandishi, au taarifa ya habari redioni aliyokwisha kuisoma. Muziki hubaki mgumu kwa wengi. Kadiri miaka ya ukimya ilivyo michache ndivyo faida inavyokuwa kubwa, hivyo usiahirishe ukisubiri mtoto wako amalize chuo. Mtu mzima aliyezaliwa kiziwi na hakuwahi kutumia sikio atasikia milio, ila maneno ni nadra. Aambiwe hivyo waziwazi kabla hajalipa.

Tahadhari za kudumu

Beba kadi ya kifaa kila mahali. MRI haifanywi mpaka mpiga picha ajue aina ya kipandikizi. Vingi vya sasa vinaruhusu kwa masharti, vya zamani huhitaji sumaku kutolewa kwanza. Daktari yeyote wa upasuaji aambiwe kabla, kwani baadhi ya vifaa vya umeme vya kukatia na kuzuia damu havifai karibu na kichwa. Uwanja wa ndege onyesha kadi upite kwa ukaguzi wa mkono. Ngumi na michezo ya kugongana vichwa iachwe, na kwenye bodaboda kofia ngumu ivaliwe bila mjadala.

Mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, mkiona homa kali pamoja na shingo kukakamaa, kutapika au kusinzia kusiko kawaida, uvimbe au usaha nyuma ya sikio lenye kifaa, uso kulegea, au maji maangavu yasiyo na rangi yanayotiririka puani au sikioni. Mkifika, la kwanza kumwambia muuguzi wa mapokezi ni kwamba mgonjwa ana kipandikizi cha koklea, na kadi iwe mkononi.